Ndoo Moja ya Maji Katika Kila Gunia: siku tisa za kutengeneza peleti Mafinga

Siku ya 1, Jumatatu. Gerezani hadi Ruaha Mbuyuni

Fuso imeondoka Gerezani saa kumi na moja alfajiri, kabla jiji halijaamka likatubana Kimara. Mbele tuko watatu: dereva, utingo, na mimi niliyebanwa katikati na begi la spana miguuni. Nyuma kuna mabati ya mtu, marobota ya mitumba, na mashine ya shemeji yangu iliyofungwa kamba kama ng'ombe wa sadaka.

Mashine yenyewe ina historia. Shemeji ni mjane wa binamu yangu, anaishi Mafinga, na kazi yake ni kulea vifaranga. Anapokea elfu moja wa siku moja, anakaa nao wiki nne mpaka waote manyoya, kisha anawauzia wafugaji wadogo. Mashine aliinunua ikiwa imetumika, ya kukandamiza chakula cha kuku. Haikumlipa, maana chakula cha peleti, yaani punje ngumu zilizokandamizwa, cha viwandani kilikuwa kinamshinda bei. Ndipo wazo likamjia: kama inabana pumba za mahindi, kwa nini isibane maranda ya mbao, awe anachoma peleti badala ya mkaa? Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 usiku na mchana, na Mafinga ya Julai si mahali pa kumlaza kifaranga bila moto. Mkaa ulikuwa unakula faida yake yote.

Akajaribu. Ikamtemea unga wa moto. Akanipigia simu: "Shem, mashine yako imekataa." Sikuwahi kuiona, lakini ikawa yangu, ikaletwa kwangu Dar.

Kosa lilikuwa kwenye sahani, lile duara la chuma lenye matundu ambalo rola zinasukumia malighafi. Sahani ya chakula cha kuku ina matundu mafupi, kwa kuwa pumba ina wanga na inashikana upesi. Mbao haitaki huruma namna hiyo. Tumekereza sahani mpya yenye unene wa milimita 40 na matundu ya milimita 8, yaani urefu wa tundu ni mara tano ya upana wake. Matundu 240. Fundi kereza jirani yangu amevunja biti nne na ameapa hatafanya tena.

Tumelala Ruaha Mbuyuni, ambako hata ndoto zinanuka vitunguu.

Siku ya 2, Jumanne. Kitonga, Iringa, Mafinga

Kitonga tumeipanda kwa gia ya kwanza nyuma ya semitrela iliyobeba vigae. Utingo alishuka akatembea kando ya gari na gogo mkononi, tayari kulitia chini ya tairi. Nilimwonea huruma mpaka alipotupita.

Baada ya Ilula baridi ikaanza kuingia kwa madirisha. Ipogolo tulikunywa chai, na jioni tukawa Mafinga. Shemeji alikuwa amesimama barabarani na koti la marehemu na kofia ya sufu. "Kamwene," akanisalimia Kihehe kwa makusudi, nami nikajibu vivyo hivyo, akacheka. "Shem, umekonda. Ingia ule, mashine haikimbii."

Kabla ya giza niliona nilichotaka kuona. Nyuma ya viwanda vya mbao pembezoni mwa mji kuna vichuguu vya vumbi la mbao, vingine virefu kuliko nyumba, na viwili vilikuwa vinafuka moshi kutoka tumboni. Hakuna aliyeviwasha leo. Moto ulizama ndani siku nyingi zilizopita, unakula taratibu, na harufu yake imeingia mpaka kwenye mashuka ya kitanda nilichopewa.

Siku ya 3, Jumatano. Kwa mzee mwenye msumeno

Mashine tumeishusha kwa mzee anayepasua mbao, kwa sababu kwake kuna umeme wa fezi tatu na mota yetu ni ya kilowati 15. Makubaliano ni kwamba shemeji analipia LUKU na mzee anapata eneo lake likiwa safi. Mzee aliona kama anaibiwa kitu, hajui kipi. "Miaka yote mnakuja kubeba bure mkaweke bandani kwa kuku. Leo mnaleta mashine. Basi kuna hela humu."

Hela ipo, nikamwambia, ila imelowa.

Mafinga ni mji uliokaa juu ya miti. Shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, limeuzunguka kwa misindano. Siku hizi na wananchi wa Mufindi wamepanda ya kwao. Gogo likifika kwa mzee linapita kwenye msumeno wa duara, lile kundi la mashine zinazoitwa dingidongi, na zaidi ya nusu yake haliwi mbao. Linakuwa magome, mabanzi na vumbi. Mabanzi yana wateja: wenye tanuri za matofali, mama lishe, wajenzi wa mabanda. Vumbi halina mwenyewe.

Niliingiza mkono kwenye chungu la jana nikakamata ngumi. Nilipofungua, vumbi lilibaki na umbo la vidole vyangu, kama donge la ugali. Kiganja kilikuwa kimelowa. Yule mzee akaniangalia kama mtu anayemwangalia daktari.

"Vipi?"

"Maji, Mzee."

Kipima unyevu sina, ila sufuria ninayo. Nilipima gramu 200 kwenye mizani ya jikoni ya shemeji, nikaweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo, nikawa nageuza kwa mwiko kama anayekaanga karanga. Mvuke ulipanda mpaka nikaona aibu. Kila baada ya dakika kumi narudisha kwenye mizani: 160, 131, 115, 104, 102, 102. Ikagoma hapo. Yaani gramu 98 kati ya 200 zilikuwa maji. Karibu nusu.

Mashine inataka malighafi yenye maji asilimia 10 hadi 15. Nikamchorea shemeji hesabu chini kwa kijiti. Gunia la maranda mabichi la kilo 50 lina mbao kavu kilo 25 na nusu hivi. Ukilikausha mpaka asilimia 12 linabaki na kilo 29. Zilizobaki, lita 21, lazima ziende angani. Ndoo nzima ya maji na kikombe juu yake, katika kila gunia.

"Na hiyo ndoo anaitoa nani?" shemeji akauliza.

Nikanyoosha kidole kwenye jua.

Tulitandaza maturubai sita, tukamwaga kama kilo 400 kwa unene wa vidole viwili, tukaanza kugeuza kwa reki. Vijana wa mzee walikuwa wanapita wanacheka: "Fundi katoka Dar kuja kuanika vumbi!" Saa tisa alasiri nilipima tena kwa sufuria: asilimia 33. Tukakunja maturubai juu ya maranda, maana umande wa usiku huku unaweza kurudisha sehemu ya maji uliyotoa.

Siku ya 4, Alhamisi. Ukungu, na chai

Hakuna jua. Ukungu umeshuka kutoka upande wa mashamba ya chai, mzito, mpaka msumeno unausikia huuoni. Maturubai hatukuyafungua.

Mzee alikuwa anapeleka nguzo upande wa Mufindi, nikadandia. Njiani tulisimama karibu na kiwanda cha chai, nikaongea na mchochea moto aliyekuwa anavuta sigara nje. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kuni za mlingoti, yaani mkaratusi, uliopangwa vizuri kuliko maktaba. Nikamuuliza zinakaa hapo muda gani. Miezi, akasema. "Kuni mbichi hapa haziingii. Ukiingiza mbichi, boila inakuwa inachemsha kuni badala ya maji."

Akanieleza kazi yake kwa maneno machache. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai, na hiyo tofauti yote ni maji, na maji hayo yanaondolewa na upepo wa moto, na huo moto ndio yeye. Nikajikuta nacheka. Mufindi nzima, toka mpasua mbao mpaka mchuma chai, inahangaika na maji tu.

Nikamuuliza kama kiwanda kingenunua peleti. Akapuliza moshi. "Utaleta tani ngapi kwa siku?" Nikafikiria turubai zangu sita chini ya ukungu, nikabadilisha mazungumzo.

Siku ya 5, Ijumaa. Tunawasha

Jua limetoka saa tatu na upepo pamoja nalo, na upepo ndio unaokausha, jua linausindikiza tu. Saa saba mchana sufuria ilisoma asilimia 14. Tukachekecha kwa wavu kutoa vipande vya magome na, kama nilivyotegemea, misumari miwili na kizibo cha soda.

Sahani mpya haianzi na kazi. Matundu yana kingo za biti, lazima yasuguliwe kwanza. Nilichanganya maranda, oili chafu na konzi mbili za mchanga laini, nikayapitisha mashineni, nikayarudisha, nikayapitisha tena, kwa karibu saa nzima. Yalitoka meusi, yanateleza, yananuka gereji. Ukichungulia tundu juani baada ya hapo linang'aa kama mdomo wa bunduki.

Halafu nikamwaga maranda masafi.

Mwanzo ilitema unga, watu wakaanza kuondoka. Sahani ilikuwa bado ya baridi. Nikaibana rola robo mzunguko zaidi. Sauti ya mota ikashuka, ikawa nzito, na mvuke mwembamba ukaanza kutoka chini ya bomba. Msuguano ukishaipandisha sahani kufika karibu nyuzi mia, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe inalainika, na hiyo ndiyo inayoshika. Huongezi gundi, huongezi unga wa muhogo. Zikaanza kutoka: kwanza vipande vifupi vilivyopasuka ubavuni kama biskuti, kisha ndefu zaidi, kisha za kahawia zenye ngozi inayong'aa. Mtoto wa mzee aliokota moja akairusha hewani, "Aah! Inachoma!"

Nikawaonyesha namna ya kuipima bila mashine. Ngoja ipoe, ivunje: inatakiwa ilie *ka*, isifumuke. Kisha tumbukiza kwenye glasi ya maji. Ikizama, imebanwa vizuri, ni nzito kuliko maji. Ikielea, irudishe mashineni. Yetu ilizama. Tukashangilia. Tuliporudi kuitazama baada ya dakika kama tano, ndani ya glasi hakukuwa na peleti, kulikuwa na uji wa maranda. Shemeji akanyamaza, akainua macho kuangalia bati la stoo la mzee lenye matundu. Sikuhitaji kumwambia chochote.

Saa moja na nusu: kilo 170, yuniti 21 za umeme. Debe la maranda makavu lina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Debe la peleti, kilo 13. Mzee alilibeba mwenyewe, akalishusha, akalibeba tena.

Tulizitandaza zipoe kabla ya kufunga, maana zikiingia kwenye gunia zikiwa za moto zinatoka jasho na kulegea. Kisha tukaenda kula. Shemeji alikuwa amechinja.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa.

Siku ya 6, Jumamosi. Matundu 240

Kila anayeijua mashine hii anajua: kabla ya kuzima, mwaga ule mchanganyiko wenye oili, matundu yabaki yamejaa kitu laini. Mimi jana nilizima kwa furaha, mikono imenyooka kuelekea kuku.

Asubuhi kila tundu lilikuwa na peleti ndani, imepoa, imekuwa kigingi. Mota ilinguruma, mkanda ukateleza ukatoa moshi, basi. Nikafungua sahani. Nikakaa juu ya gogo na drili na biti ya milimita 7, nikaanza tundu la kwanza. Unatoboa katikati, unageuza sahani, unagonga kwa nondo nyembamba, kigingi kinatoka. La pili. La tatu. Ukibana biti kwa pupa inagusa ukuta wa tundu, na ukuta ukichubuka peleti zote za tundu hilo zitatoka zimepasuka maisha yake yote.

Nilimaliza saa kumi jioni. Vijana walikuwa wanahesabu kwa sauti kutoka mia mbili, kama wanahesabu mwaka mpya. Kiganja cha kulia hakikunjiki.

Jioni, kwa kuwa mikono ilikuwa imepumzika na kichwa hakijapumzika, nilipiga hesabu nyingine. Kubana gunia moja kunakula kama yuniti tatu na nusu. Je, ile ndoo ya maji ningeitoa kwa umeme? Yuniti 15, na hapo nimeidhania mashine ya kukausha isiyopoteza hata chembe ya joto. Kukausha ni mara nne ya kubana. Watu wote wanaonipigia simu kuhusu biashara hii wananiuliza bei ya mashine ya kubana. Sijawahi kuulizwa na mtu hata mmoja bei ya banda la kukaushia.

Siku ya 7, Jumapili. Ubaruku

Shemeji alisali misa ya kwanza kisha tukachukua kenta ya kukodi kushuka Mbarali. Wazo lilikuwa lake: kama maranda yana maji, kwa nini tusitumie pumba za mpunga, ambazo zinatoka mashineni zikiwa kavu tayari? Ni wazo zuri. Kwa unyevu, hakuna wa kuzishinda.

Makambako, kisha barabara inateremka na joto linapanda, ukivua koti moja kila nusu saa. Tulichepuka Rujewa mpaka Ubaruku. Julai ni msimu. Mashine za kukoboa zilikuwa zinalia hata Jumapili, na kando ya kila mashine kuna mlima wa dhahabu. Katika kila kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 ni maganda. Mengine wanayachukua wachoma matofali. Yaliyobaki yanachomwa palepale, na majivu yake meupe yanatembea na upepo mpaka kwenye sahani ya wali.

Tulipewa bure, tulilipia kujaza tu. Magunia mia moja yaliyoshindiliwa kwa miguu, kenta imefura kama mama mjamzito, kamba zinalia. Tukapita mizani: pumba zote, tani moja na kilo mia moja. Dereva akasema, "Mama, umekodi gari kubeba upepo." Debe la pumba ni kilo mbili. Mafuta ya kenta kwenda na kurudi yangenunua mkaa wa wiki. Shemeji aliandika kwenye daftari lake, akalifunga, hakusema neno mpaka Makambako, ambapo alisema anataka mahindi ya kuchoma.

Siku ya 8, Jumatatu. Moto

Asubuhi tulibana aina tatu: maranda matupu, maranda yenye robo ya pumba kwa uzito, na magunzi ya mahindi tuliyoyasaga kwenye kinu cha jirani. Pumba zilipoingia sauti ya sahani ilibadilika, ikawa kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Na ni mchanga kweli, maana ganda la mpunga limejaa silika, madini yaleyale ya mchanga. Nilisimama pale nikihisi zile biti nne za Gerezani zikivunjika upya moyoni. Nikazima baada ya magunia mawili. Nilimaliza kwa oili. Nilimaliza kwa oili mbele ya mashahidi.

Jiko la vifaranga nilikuwa nimelichomelea siku za mapumziko: pipa la lita 200, ndani yake sanduku dogo la moto lenye wavu chini, mdomo wa kumwagia peleti kwa nje ya banda, na bomba la moshi linalopita ndani ya banda kisha linatoka ukutani. Joto linabaki ndani, moshi unakwenda zake. Hili la moshi nililing'ang'ania. Majiko ya mkaa ya wazi yaliyokuwa bandani yamemuulia shemeji vifaranga wengi kuliko baridi, na kila msimu wa kipupwe nyanda hizi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, wasiamke.

Na peleti nazo si malaika. Nina mpwa anaishi Graz, Austria, na nyumba yao inapashwa joto kwa peleti. Zinaletwa na lori la tangi, dereva anaunganisha mpira ukutani na kuzipuliza ndani ya stoo kama anayejaza maji. Jioni tulipigiana video, shemeji akataka kuona. Mpwa alituonyesha mlango wa stoo, una onyo: pitisha hewa kabla ya kuingia. "Kwani zinawaka humo?" shemeji akauliza. "Hapana, Mama. Zimelala tu, lakini zikiwa mpya zinatoa hewa yenye sumu ileile ya jiko la mkaa. Huku kuna watu wamekufa stoo." Ni kweli, na peleti za msindano ndizo zinazoongoza, kwa ajili ya mafuta yaliyomo kwenye mti. Usiku uleule tulitoa tofali mbili juu na mbili chini kwenye ukuta wa stoo ya shemeji.

Tulichoma kilo kumi za kila aina. Maranda matupu yaliwaka kimya, moto wa njano, na nilipofungua sanduku kulikuwa na majivu ya kujaza vijiko vichache vya chakula. Yenye pumba yaliacha kama nusu kilo ya majivu, yanaziba wavu, unachokonoa kila baada ya muda. Magunzi yaliniudhi zaidi: joto zuri, lakini majivu yaliyeyuka yakagandamana, nikatoa kokoto nyeusi yenye kung'aa, kubwa kama ngumi ya mtoto. Ni chumvichumvi za mmea wa mahindi zinazoyeyusha majivu kwenye moto mkali. Kokoto nimeiweka dirishani kwa shemeji, ameipenda.

Uamuzi wangu nilimpa hapohapo. Pumba zibaki Ubaruku, zichome matofali ya Ubaruku. Magunzi yawashie jiko la kupikia. Bandani, msindano mtupu.

Tulikesha. Kipimajoto kilikaa kati ya 32 na 34 mpaka alfajiri kwa kilo 22 za peleti. Kilo kwa kilo mkaa una joto zaidi, karibu mara moja na robo tatu, kwa hiyo mtu asitegemee gunia la peleti lidumu kama la mkaa. Ila kilo moja ya huo mkaa ilikula kilo sita hata nane za mti kwenye tanuri la udongo, na vumbi la mzee halikuwa na mlaji. Redioni tunasikia kila siku mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sawa, tupike. Lakini nani anawazungumzia wanaoota moto? Vifaranga hawapiki.

Saa kumi usiku shemeji alinigusa bega akanionyesha. Vifaranga walikuwa wamelala wametawanyika banda zima, mmoja mmoja, mabawa yamelegea. Wakisikia baridi wanarundikana wanakanyagana. "Sijawahi kuwaona hivi Julai," alinong'ona.

Siku ya 9, Jumanne. Kurudi

Basi la asubuhi. Nimeacha spana namba 19 na mchoro kwenye kipande cha boksi: banda la bati, pande mbili wazi, vitanda vya wavu ngazi nne, na chini yake bomba refu kutoka kwenye jiko la mabanzi. Mzee amesema mabanzi atatoa, mradi banda likae upande wake wa uzio. Tayari anasema "kiwanda chetu".

Utingo wa basi alitaka kujua gunia langu lina nini. Nikamwambia kuni. Akalipapasa, akaokota moja, akainusa, akaila ncha. "Hiki ni chakula cha kuku, mzee, usinidanganye," akanitoza mzigo.

*Nyongeza, wiki tatu baadaye.* Jana Dar ilinyesha mvua isiyo ya msimu, na nilikuwa chini ya gari la mtu simu ilipoita. Picha kutoka kwa shemeji: mizani ya jikoni, sufuria imekwanguka, nyuma yake bati jipya na ukungu mweupe umejaa kila mahali. Chini yake ameandika, "Shem, leo siku ya tatu hakuna jua. 200 imekuwa 174. Niwashe?"

Nikafuta mkono kwenye ovaroli. "Washa. Oili usisahau."

"Nisahau mimi?"